Uji Mzito wa Edisa

Siku kiharusi kiliponishika nilikuwa nampiga mke mwenzangu. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asinionee huruma kuliko ninavyostahili, na pia kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja nje kidogo ya Kibondo, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe vijijini na nyumba zetu zipangwe mistari kama madawati ya shule. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Mume wangu Kagoma alikuwa na wake wawili: mimi, Melania, wa kwanza, na Edisa, binti wa Muyama, upande wa Kasulu, aliyeolewa miaka mitatu baada ya mimi kuacha kuzaa. Asubuhi ile nilikuta amechukua mbegu zangu za maharage na kuzipanda kwenye tuta lake. Sikuuliza. Nilimfuata shambani na mpini wa jembe.

Nilimpiga begani. Nikampiga mgongoni. Mara ya tatu mpini ulipanda juu na mkono ukafunguka wenyewe, mpini ukaangukia nyuma yangu, na mguu wa kulia ukaniondoka kama umekatwa. Nilianguka kifudifudi kwenye tope. Nilitaka kupiga yowe. Kilichotoka ni mate.

Edisa angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alinigeuza, akanitoa tope puani kwa vidole vyake. Lakini majirani waliofika mbio walichokiona ni kingine: aliyekuwa anapigwa amesimama, aliyekuwa anapiga yuko chini, mdomo umekwenda upande. Kabla sijafikishwa kitandani, neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji kizima. Edisa amemfunga mkono mwenzake.

Na mimi nililala pale nikaliamini.

Watu wanapozungumzia kiharusi husema mkono, husema mguu. Hakuna aliyeniambia habari za koo. Mkono ukifa unauona unaning'inia. Koo likifa hujui, mpaka siku unapopewa maji.

Kagoma ndiye aliyenipa. Alinilaza vizuri, akaniinua kichwa kidogo, akanimiminia kikombe taratibu kwa upendo wote. Maji hayakwenda tumboni. Yalishika njia ya pumzi. Ilikuwa kama mtu ameniingiza ngumi kooni na kuizungusha. Nilijaribu kuvuta hewa, hewa haikuwapo. Kifua kikaruka chenyewe, maji yakatoka puani, macho yakanitoka, na mkono wangu mzima ukawa unapiga ukuta, unapiga, unapiga. Nilipopata pumzi nilimwona Kagoma amerudi nyuma hadi mgongo umegonga mlango.

"Mama Bukuru," alisema, "ni maji tu. Ni maji."

Tangu hapo niliufunga mdomo wangu. Siku nne sikumeza kitu. Mate yenyewe yalinikaba. Nilikuwa nayaachia yatoke upande, yanalowesha kanga, shingo ikachubuka. Siku ya tano alikuja Buchumi, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu ambaye neno lake pale nyumbani lilikuwa la mwisho.

"Asiyekula anakufa," alimwambia mdogo wake. "Unamwangalia tu? Mfungue mdomo."

Kagoma alikipakata kichwa changu katikati ya magoti yake. Buchumi akanikalia miguu na kunishika mkono. Wakaleta uji mwepesi, ule wa mgonjwa, na kijiko cha chuma. Niliuma meno. Kagoma akapenyeza mpini wa kijiko pembeni, akaukandamiza kama anafungua kopo. Nilisikia jino linavunjika. Sijui kama nililitema au lilishuka na uji, kwa sababu uji ulikuwa umeshaingia, wote, kikombe kizima, na hakuna hata tone lililokwenda mahali pake. Nikamng'ata kidole mpaka nikagusa mfupa. Akanizaba kofi. Kisha akaketi chini, damu inamtiririka mkononi, akalia kwa sauti kama mtoto.

Kagoma hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa anajaribu kuniokoa, na nusura aniue.

Kesho yake homa ilipanda. Kifua kilikuwa kinachemka, unasikia kwa mbali, kama chungu cha maharage. Mganga wa zahanati aliponisikiliza alisema neno moja, "Kasulu," maana huko kulikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda na dawa. Wakanibeba kwa machela hadi barabarani. Ilibaki kupata mwanamke wa kunisindikiza na kuniuguza. Wote walikuwa na shamba. Wote walikuwa na watoto. Kagoma akamgeukia Edisa mbele za watu.

"Utakwenda wewe. Kwenu ni karibu, mama yako atawaletea chakula." Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Akifa, usirudi hapa."

Tulisafiri juu ya lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Kasulu, juu ya magunia. Edisa alinifunga kifuani kwake kwa kanga ili nisiteleze. Kila lori liliporuka shimo, mate na makohozi yangu yalimmwagikia mabegani, mahali pale pale nilipokuwa nimempiga.

Barazani pale hospitali tulingoja tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Benchi lilikuwa refu, limejaa akina mama wenye watoto wenye surua, mzee mwenye mguu uliooza, mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akimwomba Imana, yaani Mungu, kwa sauti ya chini bila kupumzika. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Nilikuwa nanuka. Edisa alinifuta mdomo, akaikamua ile kanga nje, akarudi, akanifuta tena.

Huko wodini nilianza kuhesabu muda kwa sindano. Sindano ya alfajiri, ya adhuhuri, ya jioni, ya usiku. Makalio yakawa magumu kama ubao. Siku ya tatu homa ilishuka kidogo, midomo ikanikauka ikapasuka, nikawa naonyesha ishara ya maji. Edisa akachota kikombe.

Nesi mmoja akaingia wakati huo huo. Aliitwa Sista Tekla, mwanamke mfupi kutoka Songea, mwenye mikono minene. Aliupiga ule mkono wa Edisa, kikombe kikaruka na kugonga ukuta.

"Unataka kumuua?"

Edisa alisimama hapo, maji yanamtiririka kwenye gauni. Nilimwona uso. Ndilo swali lile lile alilolikimbia nyumbani, limemtangulia hospitalini. Na mimi, nikiwa siwezi kusema wala kucheka, nilifurahi. Nimeliungama jambo hili kwa padri na bado linanisumbua. Nilifurahi moyoni nikasema: hata huku wamemjua.

Lakini Sista Tekla alikuwa ameshaketi kitandani kwangu. Akanishika koo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate. Akasikiliza. Akamvuta Edisa karibu.

"Sikukasirikii wewe, mdogo wangu. Nimeogopa. Baba yangu alipigwa na ugonjwa huu, na kilichomwondoa hakikuwa kiharusi. Ni maziwa. Tulimnywesha sisi wenyewe, akiwa amelala, tunamwambia kunywa baba, kunywa." Akalipapasa tena koo langu. "Maji ni mepesi, yanakimbia kuliko koo lake. Mpe kitu kinachokwenda polepole."

Akamfundisha, na mimi nikasikia yote. Mgonjwa aketi wima, mgongo umeegemezwa, asilishwe amelala hata siku moja. Mdomo usafishwe kwanza kwa kitambaa na maji ya chumvi. Kidevu kishuke kifuani. Nusu ya kijiko tu, kiwekwe upande ulio hai. Ameze. Ameze tena mara ya pili, hata kama anaona hakuna kitu. Kisha aseme "aaa". Sauti ikiwa kavu, endelea. Sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya maji, acha, akohoe. Akishamaliza akae wima vilevile, asilale upesi.

Uji wa kwanza Edisa aliupika kwa unga wa muhogo, mzito, ukigeuza kijiko haudondoki. Mama yake alikuwa akija kwa miguu kutoka Muyama na ndizi mbivu, na maharage ambayo Edisa aliyaponda na kuyachuja kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama samli. Hata maji ya kunywa alinikorogea unga kidogo nikayala kwa kijiko.

Nusu kijiko cha kwanza kilikaa mdomoni muda ambao ningeweza kusema Baba Yetu mara tatu. Niliogopa. Kisha nikashusha kidevu, kitu kikafunguka huko ndani, kikashuka. "Aaa," nikasema. Kavu. Sista Tekla akapiga makofi, na wagonjwa wengine wakapiga pia bila kujua ni kwa nini.

Msidhani nilimshukuru Edisa. Mwili ulikuwa umenigeuka, na hasira yote niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kwenda ila kwake. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha dirisha: shavu limelegea, jicho moja halifumbi vizuri, mifupa ya shingo imetokeza kama ya kuku. Edisa akaja na bakuli. Nikalipiga kwa mkono wa kushoto, uji wa moto ukamrukia shingoni. Ngozi ikatoka malengelenge. Alikwenda nje. Nikajua hatarudi. Akarudi na bakuli jingine.

"Dada," alisema, akaketi, "utanitupia mpaka vyombo viishe. Halafu utakula."

Wiki tano tulikaa pale. Tuliporudi Kibondo mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Nilitembea kwa fimbo, nikiburuta mguu, na maneno machache yalianza kutoka, mazito, yasiyoeleweka ila na yeye. Mapacha wangu, Bukuru na Butoyi, walikuwa wamepelekwa kwa mama yangu. Kagoma alikuwa ananitazama kwa pembeni tu, kidole chake kimepona vibaya, kimepinda. Kunilisha aliogopa. Hivyo kila mlo ulitoka mkononi mwa Edisa, asubuhi na jioni, na kijiji kiliona, na kijiji kilihesabu.

Kiangazi kilipoanza kulikuwa na sherehe ya mahari ya binti wa Buchumi. Watu walijaa uani kwake, pombe ya ndizi ikamiminwa. Edisa alikuwa jikoni na wanawake. Buchumi akanijia na kibuyu, amechangamka, akanishika kidevu.

"Shemeji, mpaka lini uji wa mtoto? Leo ni furaha. Kunywa!"

Nilitikisa kichwa. Akaniinua kidevu juu, kinyume kabisa cha mafundisho ya Sista Tekla, akamimina. Nilikabwa mbele ya wageni wake. Wakanipiga mgongoni, wakanizungusha, pombe na mate vikanitoka puani, kucha zikageuka buluu. Buchumi alicheka mwanzoni. Baadaye hakucheka. Nilibebwa nyumbani, na siku ya tatu kile chungu kikaanza tena kuchemka kifuani.

Buchumi alijua. Mpaka leo naamini alijua. Na mtu mwenye hofu hutafuta mgongo wa kuutwika mzigo wake. Asubuhi ya siku ya nne nilisikia sauti za wanaume nje, halafu mlio wa Edisa akimwita mama yake kwa lugha ya kwetu: "Mawe! Mawe wee!"

Niliona kupitia mlangoni. Walikuwa wanaume sita. Buchumi alikuwa amemshika Edisa nywele na kumburuta kutoka jikoni. Mwingine alikuwa na bakuli la uji wangu wa asubuhi, bado linatoa moshi. Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Aliinua mkono kujikinga, fimbo ya pili ikashuka juu ya kifundo cha mkono, nikasikia mfupa. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo, mikono nyuma, anatazama chini. Na Kagoma alikuwapo. Alisimama pembeni ya kaka yake, hakupiga, hakuzuia.

"Ulimfunga mkono, sasa unammaliza kwa chakula!" Buchumi alifoka. "Kula! Kula mwenyewe tuone!"

Edisa alikula kwa mkono uliobaki, damu inachanganyika na uji. Alikula haraka, akionyesha bakuli.

"Aa, sumu ya mchawi haimdhuru mchawi," akasema mmoja wao. Mwingine alikuwa ameshachomoa nyasi kwenye paa la jikoni, anatafuta kiberiti.

Nataka kusema ukweli wote. Nilikaa kitandani kidogo. Si muda mrefu, lakini nilikaa. Kuna sehemu yangu iliyosema, waache. Miaka mingapi nimetaka nyumba hii iwe yangu peke yangu? Ilikuwa inakuja yenyewe, bila mimi kuinua kidole. Halafu Edisa akapigwa tena, na katika kuanguka kwake akapiga kelele, si ya kujitetea. Alisema, "Msimlaze chali! Ana homa, msimlaze chali!"

Sijui nilitokaje. Nilitambaa nusu, nusu nikajivuta kwa mlango. Walipoliona lile umbo langu wakashusha fimbo. Nikaenda hadi kwenye lile bakuli, nikaketi chini kwenye vumbi, mgongo nikauegemeza ukutani. Nikanyoosha mkono wa kushoto nikalichukua.

"Mama Bukuru, usile," Kagoma akasema.

Hakuna aliyenilisha siku ile. Homa ilikuwa inapiga masikioni kama ngoma, na pumzi yangu ilikuwa fupi, na nilijua vizuri kabisa: nikikohoa mara moja tu mbele ya watu hawa, Edisa amekufa. Kikohozi changu kingekuwa ushahidi.

Nusu kijiko. Upande ulio hai. Kidevu kifuani. Nikameza. Nikameza tena. Nikasema, "Aaa."

Kijiko cha pili. Cha tatu. Cha nne kilikwama. Nilikihisi kimekaa pale njia mbili zinapoachana, na kikohozi kikaanza kupanda kutoka chini kama tapishi. Macho yakajaa machozi. Buchumi akasogea, anaangalia mdomo wangu. Niliminya kidevu mpaka kikauma, nikafumba macho, nikameza pasipo na kitu, nikameza tena, na tena. Kikashuka. "Aaa." Kavu. Nikaendelea mpaka nikalipangusa bakuli kwa kidole.

Kisha nikamnyooshea Buchumi kijiko. Maneno mawili yalinigharimu pumzi yote niliyokuwa nayo, lakini yalitoka, na hata balozi aliyaelewa.

"Pombe yako."

Sikumaliza kuvuta pumzi Kagoma akawa amemnyang'anya mtu fimbo. Alimpiga kaka yake begani mpaka mfupa ukavunjika, akampiga akiwa chini, akampiga mpaka wale wale waliokuja kumwua Edisa wakamng'ang'ania kumzuia. Sikuona faraja yoyote katika kipigo kile. Alikuwa anapiga kwa ajili ya dakika zile alizosimama kimya, na fimbo haiwezi kuzirudisha.

Edisa alikaa siku nane. Kifundo kilifungwa na fundi wa mifupa, sikio la kushoto halikusikia tena. Siku hizo nane alimfundisha Kagoma kunilisha, kwa mkono mmoja, kwa maneno machache kama askari. "Kidevu. Subiri. Nimesema subiri." Homa yangu iliposhuka kwa sindano za zahanati, alifunga kanga zake na kurudi Muyama. Hakuaga mtu.

Sasa yapata mwaka na nusu. Ninameza ugali nikiuchovya kwenye mchuzi mzito, samaki akichambuliwa vizuri. Maji nakunywa kwa kijiko, kidevu chini. Ninaandika haya kwa mkono wa kushoto, herufi za darasa la watu wazima, kwa sababu nimesikia habari za watu wengine: mzee huko Nyabibuye aliyekufa akinyweshwa maziwa, mama mmoja wa sokoni ambaye mwanawe alipigwa kwa ajili ya kikohozi chake. Ninyi mnaomuuguza mtu wa kiharusi, mketisheni. Msimshindilie. Akifunga mdomo, hakatai upendo wenu; anaogopa kufa. Na akikohoa akila, msitafute mchawi. Tazameni kijiko.

Mwezi uliopita nilipanda lori kwenda Muyama. Kagoma alitaka kuja, nikamkatalia. Nilimkuta Edisa anatwanga muhogo kwa mkono mmoja, kile kifundo kimepinda. Mama yake alinikaribisha ndani kwa heshima isiyo na joto. Nilikuwa nimelijaribu neno langu njia nzima.

"Nilifurahi," nilimwambia. "Sista alipokupiga mkono kule wodini. Na siku ile ya fimbo, nilikaa kitandani kabla ya kutoka. Nimekuja kuomba msamaha kwa hilo, na kwa mpini."

Aligeuza sikio lake zima ili anisikie.

"Ya mpini nilishasamehe zamani, nilikuibia mbegu kweli," alisema. "Haya mengine sikuyajua. Niache nayo kwanza."

"Utarudi?"

"Sirudi, dada. Kwa Kagoma sirudi."

Akainuka, akaleta uji. Mzito. Akaniwekea mbele, hakunilisha. Aliketi kunitazama ninavyofanya mwenyewe. Nilipofika kijiko cha tatu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua:

"Siku ile ungekohoa je?"

Nilikuwa na uji mdomoni. Nikatikisa kichwa tu.

"Maana ulikula polepole!" akasema. "Imana wangu, ulikula polepole! Mimi damu inanitoka, mkono umevunjika, watu wameshika nyasi, na wewe, aaa, aaa. Nikasema moyoni, huyu ataniua kwa kumeza."

Mama yake akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Edisa mwenyewe alikuwa ameanza. Kicheko kilinijia na mimi kwa nguvu, kikapiga mbavu. Nikashusha kidevu. Nikameza. Nikameza tena. Ndipo nikacheka.